Makumbusho ya Ashmolean, Oxford: maswali yanayoulizwa kila mara kuhusu mkusanyo wake na namna ya kuuona

Mtu ninayempeleka Ashmolean kwa mara ya kwanza, awe mwanafunzi aliyewasili juzi kutoka Dodoma au shangazi aliyekuja kumwangalia mwanawe, husimama kwanza chini ya zile nguzo kubwa za Beaumont Street na kuniuliza kwa sauti ya chini: "Na sisi tunaruhusiwa?" Swali hilo huniuma, maana jibu lake ni ndiyo, na watu wa kawaida wamekuwa wakiingia kwenye makumbusho haya kwa zaidi ya miaka 300. Nimekusanya hapa maswali ninayoulizwa tena na tena na wageni wanaozungumza Kiswahili. Mimi si mwajiriwa wa makumbusho. Ni mtembeleaji wa muda mrefu tu. Saa na taratibu hubadilika, kwa hiyo hakikisha kwenye tovuti yao kabla ya kufunga safari.

## Kabla hujavuka mlango

Ashmolean ni nini hasa?

Ni makumbusho ya sanaa na akiolojia ya Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza. Yalifunguliwa Mei 1683, na huhesabiwa kuwa makumbusho ya kwanza ya umma nchini humo. Jina limetokana na Elias Ashmole, aliyekipa chuo mkusanyo wake. Nyumba ya kwanza ya makumbusho bado ipo Broad Street, ila leo ina makumbusho mengine, ya historia ya sayansi. Jengo la sasa lilisanifiwa na Charles Robert Cockerell na kukamilika 1845. Nyuma yake kuna kumbi mpya 39, kazi ya msanifu Rick Mather, zilizofunguliwa 2009. Ndiyo maana unaingia kwenye jengo la karne ya 19, na baada ya hatua chache uko kwenye ngazi nyeupe zinazopokea mwanga kutoka juu.

Mimi si mwanafunzi wala mhadhiri wa Oxford. Naruhusiwa kuingia?

Ndiyo. Hakuna atakayekuuliza kitambulisho wala sababu ya kuja.

Jambo hili lina historia, na mimi huwasimulia wageni wangu ili watulie. Mwaka 1710 alifika msomi mmoja wa Kijerumani, Zacharias Conrad von Uffenbach. Aliondoka amekasirika kwa sababu makumbusho yalikuwa yamejaa watu wa shamba waliokuja mjini, wanaume kwa wanawake, wakishikashika kila kitu kwa kiingilio cha peni sita. Kwake ilikuwa aibu kwamba hata wanawake waliruhusiwa kupanda juu. Kwangu mimi hiyo ndiyo sifa kubwa ya mahali hapa: wasomi walinung'unika, lakini mlango haukufungwa.

Kiingilio ni kiasi gani?

Kuona mkusanyo wa kudumu ni bure. Mlangoni utakuta mahali pa kutoa mchango, na utoaji ni hiari yako. Usijisikie vibaya ukipita bila kutoa. Unacholipia ni maonyesho makubwa ya muda, ambayo yana tiketi yake na mara nyingi inafaa kuikata mapema. Wageni wengi huliona bango la maonyesho nje, wakaona bei, wakageuka wakidhani ndiyo kiingilio cha makumbusho yote. Usigeuke.

Yako wapi, na yanafunguliwa saa ngapi?

Yako katikati ya mji, ng'ambo ya hoteli ya Randolph. Kutoka stesheni ya treni ni mwendo wa kama dakika 10 kwa miguu, na kutoka kituo cha mabasi cha Gloucester Green ni dakika chache tu. Milango hufunguliwa saa 4 asubuhi na kufungwa saa 11 jioni kwa saa zetu. Kwenye kibao utaona imeandikwa 10 hadi 5. Hufunguliwa kila siku, isipokuwa siku chache za Krismasi.

Nina saa mbili tu. Nianze na nini?

Usijaribu kuona yote, utatoka umechoka na hukumbuki kitu. Mimi huchagua vitu vinne. Cha kwanza ni hekalu dogo la Taharqa kwenye kumbi za Misri na Nubia (nimelieleza kwa kirefu hapa chini). Cha pili ni mchoro wa Paolo Uccello wa mawindo ya usiku msituni, wa takriban 1470. Farasi, mbwa na wawindaji wote wanakimbilia kwenye giza la katikati, na ukiutazama kwa dakika tano unajikuta nawe unakimbia nao.

Cha tatu ni Kito cha Alfred, kidogo kiasi cha kuenea kiganjani, cha dhahabu na vioo vya rangi, kilichookotwa Somerset mwaka 1693. Pembeni mwake pameandikwa kwa Kiingereza cha kale kwamba Alfred, anayeaminika kuwa mfalme wa zamani wa Uingereza, aliamuru kitengenezwe. Cha nne ni fidla ya Antonio Stradivari ya mwaka 1716 iitwayo Messiah, ambayo haikupigwa sana na kwa hiyo inang'aa kana kwamba imetoka karakana jana.

Ukibakiwa na muda, keti. Kuna viti, na kukaa mbele ya kitu kimoja kwa robo saa kuna faida kuliko kupita mbele ya mia.

## Mkusanyo wa kudumu

"Mkusanyo wa kudumu" maana yake nini? Vitu havibadilishwi?

Maana yake ni kwamba vitu hivyo ni mali ya makumbusho na vimewekwa kwa ajili ya vizazi, tofauti na vile vilivyoazimwa kwa miezi michache. Kudumu huko ni kwa umiliki. Kuonekana ukumbini ni jambo lingine. Kitu kinaweza kuwa cha mkusanyo wa kudumu na kikakaa ghalani miaka 20, au kikawa Tokyo kwa mkopo siku uliyokuja kukitazama.

Kila kitu kina nambari yake ya usajili, mara nyingi ikiwa na mwaka kilipoingia. Utaiona kwenye kadi ya maelezo, kwa herufi ndogo chini. Izoee hiyo nambari, maana ndiyo utakayoihitaji ukitaka kukiomba kitu (tazama sehemu ya kuona yaliyo ghalani).

Vitu hivi vilifikaje hapa?

Kwa njia nyingi, na si zote zinafanana kwa uhalali. Msingi ni mkusanyo wa watunza bustani wawili, John Tradescant baba na mwanawe wa jina hilohilo, waliokuwa na nyumba ya maajabu huko Lambeth, London. Orodha yao ilichapishwa 1656. Ndani yake lilikuwamo lile vazi la Powhatan, mkuu wa wenyeji wa Virginia, Amerika: ngozi nne za kulungu zilizoshonwa pamoja na kupambwa kwa shanga za kombe. Bado lipo Ashmolean. Ashmole aliupata mkusanyo huo kwa hati ya zawadi ambayo Hester, mjane wa Tradescant mdogo, aliipinga mahakamani na akashindwa. Basi hata mwanzo wa makumbusho haya una kesi ndani yake.

Baadaye vilikuja vya kununuliwa, vya kurithiwa, na vya kuchimbwa. Arthur Evans, mchimbaji wa Knossos, jumba la kale katika kisiwa cha Krete, Ugiriki, alikuwa mkuu wa makumbusho kuanzia 1884 hadi 1908, na ndiyo maana vitu vya Krete ni vingi sana hapa. Michoro ya Raphael na Michelangelo, wasanii wakubwa wa Italia, ilinunuliwa 1846 kwa michango ya watu.

Mbona sehemu kubwa ya mkusanyo haiko ukumbini?

Nafasi ni sababu mojawapo, lakini si kubwa zaidi. Sarafu peke yake ni kama 300,000. Ukiziweka zote kwenye makabati ya kioo hutaona chochote, utaona chuma tu.

Sababu kubwa ni mwanga. Karatasi na kitambaa huungua polepole kwenye mwanga kama kanga iliyoachwa kwenye kamba msimu mzima, na rangi ikishapauka hairudi. Ndiyo maana vyumba vya michoro huwa na giza la jioni: kipimo kinachotumiwa kwa kawaida ni karibu luksi 50, mwanga hafifu sana ukilinganisha na ofisi. Michoro ya karatasi hutolewa kwa miezi michache, kisha hurudishwa kwenye boksi lake ipumzike kwa muda mrefu.

Nilikuja kuona michoro ya Raphael na sikuikuta. Nifanye nini?

Pole. Umekutana na hilo nililoeleza juu. Ashmolean ina michoro mingi ya mkono wa Raphael kuliko pengine popote, lakini ukiingia ukumbini siku ya kawaida huenda usikute hata mmoja. Dawa yake ni kuomba miadi, na wala si jambo la wataalamu peke yao. Soma sehemu ya kuona yaliyo ghalani.

Yule ndege dodo yuko wapi?

Dodo wa Tradescant, kutoka Mauritius kwenye Bahari yetu ya Hindi, alikuwa Ashmolean zamani. Leo kilichosalia, kichwa na mguu, kiko kwenye makumbusho ya viumbe ya chuo hichohicho, yaliyofunguliwa 1860, mwendo mfupi kutoka hapa. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba picha za ndani ya fuvu zimeonyesha chembe za risasi. Kabla ya hapo watu walidhani alikufa kifo cha kawaida London.

Chuo kikikosa fedha kinaweza kuuza vitu hivi?

Wanafunzi wa uchumi hupenda kuuliza hili. Katika taaluma ya makumbusho kuuza mkusanyo ili kulipia mishahara au kuziba pengo la bajeti ni mwiko, lakini kimetokea chuo kilichojaribu. Januari 2009 bodi ya Chuo Kikuu cha Brandeis, huko Massachusetts, Marekani, ilitangaza kulifunga jumba lake la sanaa, Rose Art Museum, na kuuza kazi zake. Wanafunzi, wasanii na wafadhili wakaja juu, kesi ikafunguliwa, na 2011 chuo kikakubali kutouza. Jumba lipo hadi leo. Ninachokiona hapo ni kwamba watu waliokuwa wameyazoea hayo makumbusho, wanaojua kilichomo, ndio walioyaokoa. Mkusanyo usiotembelewa hauna wa kuutetea.

## Vilivyotoka Afrika

Kuna kitu chochote cha kwetu humo?

Kipo, na kiko ghorofa ya chini, ileile unayoingilia, kwa hiyo unakifikia mapema. Ni hekalu la mawe ya mchanga lililojengwa na Taharqa, mfalme wa Kushi aliyetawala Misri na Nubia kuanzia 690 hadi 664 kabla ya Kristo. Lilikuwa ndani ya hekalu kubwa la Kawa, kaskazini mwa Sudan ya leo. Wasomaji wa Biblia wanamjua kwa jina la Tirhaka, mfalme wa Kushi, katika 2 Wafalme 19:9. Nimewahi kuwa na mama mmoja aliyesoma jina lile kwenye kadi ya maelezo, akanyamaza, kisha akasema: "Kumbe alikuwa mtu kweli." Akalizunguka lile jengo mara tatu.

Kuta zimechongwa pande zote: mfalme akitoa sadaka mbele ya miungu, Amun akiwa na kichwa cha kondoo dume. Wachimbaji wa Oxford waliokuwa chini ya mpango wa Francis Llewellyn Griffith walilifukua, na serikali ya Sudan ikalitoa zawadi 1936. Neno "zawadi" lisomwe pamoja na ukweli kwamba Sudan wakati huo ilikuwa chini ya Waingereza.

Kwenye kumbi hizohizo, zilizopangwa upya 2011, kuna kichwa cha rungu cha mfalme anayeitwa Nge, cha miaka ya mwanzo kabisa ya ufalme wa Misri, zaidi ya miaka 5,000 iliyopita.

Na cha Waswahili?

Hapa ndipo roho yangu ilipo. Hutakikuta kwa kutembea tu kumbini. Idara ya sarafu, iitwayo Heberden Coin Room, imekuwa ikichapisha orodha kubwa ya sarafu zake za Kiislamu, na juzuu la 10, lililotoka 1999, linahusu Uarabuni na Afrika Mashariki. Humo ndimo zilimo sarafu za masultani wa Kilwa.

Sarafu za Kilwa nyingi ni za shaba, ndogo, na kwa kawaida hazina mwaka. Lakini zina kitu ambacho ni nadra kukikuta kwenye sarafu za kwingine: zina vina. Upande mmoja lipo jina la sultani, upande wa pili lipo fungu la maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na fungu hilo limetungwa liishie sauti ileile inayoishia jina. Ali bin al-Hasan amepewa maneno yanayoishia kwa sauti ya -an. Yaani mtu wa Kilwa alikwenda sokoni kununua samaki akiwa na vina mfukoni. Sisi tunaojivunia utenzi tunapaswa kuzijua hizi sarafu, na nimesikitika kila nilipokutana na Mswahili aliyekaa Oxford miaka mitatu bila kuziomba.

Vitu vya Wamasai viko Ashmolean?

Hapana. Mwaka 1886 vitu vingi vya maisha na mila za watu vilihamishiwa Pitt Rivers, makumbusho mengine ya chuo hichohicho yaliyoanzishwa 1884, na tangu hapo vilivyofuata vimekuwa vikikusanywa kule. Pitt Rivers nako kuingia ni bure.

Kuhusu Wamasai, mambo yamesonga. Tangu 2017 wawakilishi wa Wamasai kutoka Kenya na Tanzania wamefika Oxford kuvikagua vitu vyenyewe na kuwasahihisha wahifadhi. Baadhi walivitambua kuwa ni vitu ambavyo haviuzwi wala havitolewi zawadi, kwa mfano orkatar, bangili inayopita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Kikiwa mikononi mwa mgeni, maana yake kuna familia iliyonyang'anywa au kufikwa na msiba. Mazungumzo kati ya familia husika na makumbusho yamekuwa yakifuata taratibu za Kimasai zenyewe, pamoja na laibon, kiongozi wao wa kiroho. Kwangu hili ni jambo zito kuliko maonyesho yoyote: mwenye kitu amekaa mezani na kusema yeye mwenyewe kitu hicho kinaitwaje.

Kwa nini visirudishwe tu?

Vingine viko njiani. Juni 2022 baraza la Chuo Kikuu cha Oxford liliunga mkono ombi la Nigeria la kurudishiwa vitu 97 vya Benin (ufalme wa kale katika Nigeria ya leo, si nchi ya Benin) vilivyoko Pitt Rivers na Ashmolean, vilivyochukuliwa wakati jeshi la Uingereza lilipoivamia Benin 1897. Machi 2024 likakubali pia ombi la India kuhusu sanamu ya shaba ya mtakatifu Tirumankai Alvar, iliyonunuliwa mnadani 1967. Picha iliyopigwa 1957 ilionyesha sanamu hiyo ikiwa hekaluni Tamil Nadu.

Uamuzi wa baraza si mwisho. Makumbusho ni amana chini ya sheria ya mashirika ya hisani ya Uingereza, kwa hiyo maombi kama haya hupelekwa pia kwa tume inayosimamia mashirika hayo. Sheria hiyo ndiyo inayokizuia chuo kuuza, na ndiyo hiyohiyo inayochelewesha kurudisha. Mimi naamini kilichochukuliwa kwa nguvu kirudi kwa wenyewe. Lakini pia naona kwamba kila kilichorudi au kilichokubaliwa kurudi kilianza na mtu aliyekwenda kukitazama, akaisoma nambari yake, akauliza kimetoka wapi.

## Kuona yaliyo ghalani

Nani anaweza kuomba kuona kitu ambacho hakiko ukumbini?

Mtu yeyote. Narudia kwa sababu hakuna jibu kwenye ukurasa huu linaloshangaza watu zaidi: si lazima uwe mtafiti, si lazima uwe na barua ya profesa, na haulipii. Kuna chumba cha kusomea michoro na chapa za Ulaya, kuna cha sanaa za Mashariki, kuna cha sarafu, na idara za akiolojia nazo hupokea wageni kwa miadi.

Naombaje? Kiingereza changu si kizuri.

Anza na katalogi ya mtandaoni ya makumbusho. Tafuta kitu, chukua nambari yake ya usajili, kisha waandikie idara husika au ujaze fomu iliyo kwenye tovuti yao. Ujumbe mfupi unatosha: wewe ni nani, unataka kuona nambari zipi, unaweza kuja siku zipi. Ukitaka, ongeza sentensi moja ya kwa nini. "Natoka Lindi na nataka kuona sarafu za Kilwa" ni sababu kamili.

Omba wiki kadhaa kabla. Usiombe vitu 50, omba vitano au sita. Ukitaja jambo kwa ujumla, kwa mfano "vitu vya Afrika", utapewa jibu la jumla. Ukitaja nambari, unapewa tarehe.

Hofu ya lugha naielewa, nami nilikuwa nayo. Siku yangu ya kwanza nilikuwa nimekariri sentensi za kujieleza njia nzima. Nilipofika, nilionyeshwa kiti, nikawekewa boksi mbele yangu, na hazikuhitajika.

Nikifika kutakuwaje? Nitaruhusiwa kushika?

Njoo na kitambulisho. Mkoba na koti huachwa pembeni, kinywaji hakiingii, na maandishi ni kwa penseli, kwa sababu wino ukidondoka haufutiki. Mikono iwe safi na mikavu, bila losheni.

Mchoro utaletewa ukiwa kwenye fremu yake ya kadibodi, na hutaugusa wenyewe. Sarafu hushikwa pembeni, kwa ncha za vidole, juu ya meza yenye kitambaa ili ikidondoka isiumie. Kitu dhaifu sana atakigeuza mhifadhi mwenyewe ukimwomba, na mwombe bila haya. Upande wa nyuma wa mchoro mara nyingi una mihuri ya waliowahi kuumiliki, na kwa wengine hiyo ndiyo sehemu tamu.

Nimeomba, nikaambiwa haiwezekani. Ni ubaguzi?

Mara nyingi sababu ni ya kawaida: kitu kimeazimwa, kiko kwa mafundi wa uhifadhi, au kimekaa mwangani mwaka huo kiasi cha kutosha. Uliza ni ipi kati ya hizo na lini kitapatikana. Kuna pia vitu ambavyo vimezuiwa kwa heshima ya wenyewe, kama masalia ya binadamu. Mwaka 2020 Pitt Rivers iliyaondoa masalia hayo ukumbini, vikiwemo vile vichwa vidogo vya Amerika Kusini vilivyokuwa kivutio kwa miongo mingi. Hapo naunga mkono kukataliwa.

## Picha, kuchora na watoto

Naruhusiwa kupiga picha?

Za matumizi yako, ndiyo, bila mwanga wa flashi na bila stendi ya kamera. Ukiona alama ya kamera iliyokatwa, hasa kwenye vitu vya kuazimwa na maonyesho ya muda, iheshimu. Picha ya kuchapisha kwenye kitabu au kuuza ni jambo la kuombea kibali.

Nataka kukaa na kuchora. Watanifukuza?

La, watafurahi. Shule ya uchoraji ya John Ruskin ilianzishwa humuhumu 1871, kwa hiyo kuchora hapa ni desturi ya nyumba. Tumia penseli, si rangi za maji. Mahali pazuri pa kujifunzia ni ukumbi wa nakala za plasta, wenye sanamu za Kigiriki na Kirumi karibu 900 zilizomwagwa kutoka kwenye asili zake. Plasta haina rangi ya kukuchanganya, unaona kivuli na umbo tu.

Nina watoto wadogo. Na mama yangu anatumia kiti cha magurudumu.

Njooni. Lifti zipo. Mtoto mpe kazi moja: atafute mbwa kwenye mchoro wa Uccello ahesabu, na utaona atakavyotulia. Vikundi vya shule lazima viandikishwe kabla. Mabegi makubwa ya safari usije nayo.

## Maswali ya pembeni

Niko Mwanza, sitafika Oxford. Nifanye nini?

Tumia katalogi ya mtandaoni niliyotaja juu, ina picha nyingi za kukuza. Na ukikuta kitu kimeandikwa vibaya, jina la kijiji limekosewa au kifaa cha jikoni kimeitwa silaha, waandikie na nambari ya usajili. Wahifadhi hawa wana vitu vya dunia nzima na hawawezi kujua mwiko wa kupikia wa Kihaya unavyotofautiana na wa Kisukuma. Wewe unajua.

Nina kitu cha kale cha babu. Watanipa bei?

Hawatoi bei, hiyo ni kazi ya madalali wa minada. Wanaweza kukusaidia kukitambua. Na tafadhali, kama kilichimbwa nyumbani, fahamu kwamba mambo ya kale yanalindwa na sheria za Tanzania na Kenya. Usikibebe kwenye sanduku la safari.

Ni kweli kuna mchoro ulioibwa?

Kweli. Usiku wa kuamkia mwaka 2000, mji mzima ukiwa kwenye fataki, mwizi aliingia kwa paa na kuchukua mchoro wa Cézanne, mchoraji wa Kifaransa, unaoonyesha Auvers-sur-Oise. Haujaonekana tena. Wizi kama huo humuumiza mgeni wa kawaida kuliko tajiri, maana tajiri ana vyake ukutani kwake.

Kwetu Afrika Mashariki kuna makumbusho ya sanaa ya chuo kikuu?

Lipo jumba la sanaa la Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, ndani ya kampasi. Margaret Trowell alianza kufundisha uchoraji Kampala 1937, na kutoka kwenye shule yake walitoka Sam Ntiro na Elimo Njau wa Tanganyika na Gregory Maloba wa Kenya, aliyechonga mnara wa uhuru wa Uganda. Mchoro mmoja wa Ntiro, wa watu wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, uko New York kwenye Museum of Modern Art.

Ukipita Kampala, ingia Makerere uliulize jumba hilo maswali haya haya: mna nini ghalani, naweza kukiona, na nambari yake ni ngapi.